Kabila la 43



Nikikuuliza Kenya ina makabila mangapi, utanijibu kabla sijamaliza swali: 42. Ndivyo tulivyokaririshwa shuleni, ndivyo wanavyosema wanasiasa wakishika kipaza sauti, na ndipo wanapoanzia wachekeshaji wetu nusu ya vichekesho vyao. Hesabu hiyo lakini imeshapitwa na wakati. Mwanzoni mwa 2017 Wamakonde walitangazwa kuwa kabila la 43. Julai mwaka huo huo wakafuata Wakenya wenye asili ya Bara Hindi, wakapewa nambari 44. Januari 2023 ikawa zamu ya Wapemba, nao wakachapwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wote hao hawakushuka jana kutoka melini. Makaburi ya babu zao yako hapa hapa. Kilichowafikia jana ni kalamu.

Jioni ya leo nina swali moja tu, na nitalizunguka mpaka tulichoke: kwa nini mtu alazimike kwanza kuwa kabila, ndipo akubaliwe kuwa Mkenya?

Twende Kwale. Ukifika Msambweni ukaulizia Makongeni utaonyeshwa kijiji cha Wamakonde. Wazee wao walitoka kaskazini mwa Msumbiji, wakaanza kuingia miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Wengine walikuja baadaye wakikimbia vita vya Msumbiji. Mwingereza aliwataka kwa sababu walikuwa na mikono ya kazi, na hakuwauliza zaidi ya hapo. Walikata mkonge, walikata miwa, na wenye ustadi wao wakachonga mpingo. Watoto wao walizaliwa Kwale, wakaoana na Wadigo, wakaongea Kidigo na Kiswahili cha Pwani. Kwa wazee, chale za usoni ndizo zilizowatambulisha, na askari wa doria walizijua pia, kwani vitambulisho hawakuwa navyo.

Kuishi Kenya bila kitambulisho, msikilizaji, ni jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulifikiria, kwa kuwa cha kwetu kiko mfukoni tangu tulipotimiza miaka 18. Huna kitambulisho, huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Huna laini, huna M-Pesa, na Kenya ya leo bila M-Pesa hata ujira wa kibarua hauna pa kuingilia. Huwezi kufungua akaunti ya benki. Huwezi kupiga kura. Ukienda mjini, askari wa mlangoni anakitaka akiweke kwenye droo yake ndipo upande ngazi. Mtoto anafika darasa la mtihani, mwalimu anataka cheti cha kuzaliwa, na cheti kinataka kitambulisho cha mzazi. Basi watu wakajifunza kuishi kwa majina ya watu. Laini ya simu ni ya jirani. Kiwanja kiko kwa jina la shemeji. Pikipiki imeandikwa jina la rafiki. Siku undugu ukiingia doa, mwenye jina ndiye mwenye mali, na wewe huna hata pa kwenda kushtaki, maana kituo cha polisi ndipo mahali pa mwisho unapotaka kuonekana.

Oktoba 2016 Wamakonde wakasema basi. Mamia yao, wazee kwa vijana na akina mama wenye watoto mgongoni, walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Polisi walijaribu kuwazuia njiani, wakashindwa kuwarudisha, na hatimaye wakafika Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Kenya nzima ikapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Makofi yalipotulia ndipo nilipoanza kuliangalia jambo lenyewe. Kenya ilikuwa tayari na sheria. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inasema mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, aliyekuwa akiishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, anaweza kuomba asajiliwe kuwa raia, na kizazi chake nacho kimewekewa njia. Haisemi awe kabila gani. Inamtazama mtu, makazi yake na miaka yake. Dirisha lilifunguliwa Agosti 2011 kwa muda wa miaka 5. Miaka 5 ikapita na Mmakonde wa Makongeni bado anajificha doria. Shauri lilipokuja kutatuliwa, lilitatuliwa kwa njia ambayo dola yetu inaielewa zaidi kuliko sheria zake yenyewe: kuongeza kabila moja kwenye orodha.

Sheria hiyo, kwa kuwa tumeitaja, ina sharti moja lililonichekesha peke yangu. Mwombaji anatakiwa awe anajua vya kutosha Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Mpemba apimwe Kiswahili! Na nani? Na karani wa Nairobi anayekwambia “lete kitambulisho yako”? Ndugu zangu wa bara mtanisamehe, utani huo ni wa jadi.

Na kisa cha Wapemba ndicho kinachoniuma zaidi. Vitabu vya historia vinatukumbusha kwamba ukanda wa Pwani, ule wa maili 10 kutoka baharini, haukuwa koloni. Ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiusimamia kwa niaba yake na kumlipa kila mwaka. Ndiyo sababu nchi nzima ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya: koloni bara, himaya pwani. Mambo yalikuwa hivyo mpaka mapatano ya Oktoba 1963, wiki chache tu kabla ya uhuru, yaliyoukabidhi ukanda ule kwa Kenya. Sasa mchukue mvuvi wa Pemba wa mwaka 1940. Kusi limeanza kuvuma, anatweka tanga, anakwenda dago kama baba yake alivyokwenda, anashuka Vanga, au Shimoni, au anaendelea mpaka Watamu. Ametoka milki ya Sultani, ameingia milki ya Sultani. Bendera nyekundu aliyoiacha nyuma ndiyo anayoikuta ikipepea juu ya Ngome ya Yesu pale Mombasa. Amevua, ameoa, amezaa, amezikwa. Miaka 60 baadaye mjukuu wake anakamatwa baharini kwa kuvua bila leseni, na leseni hapewi kwa sababu hana kitambulisho, na kitambulisho hapewi kwa sababu babu yake ni mgeni. Mgeni wa nani, kwa tarehe ipi?

Tarehe ndiyo iliyowaponza. Katiba ya uhuru ilisema aliyezaliwa Kenya, na angalau mzazi wake mmoja naye amezaliwa Kenya, ameamka asubuhi ya 12 Desemba 1963 akiwa raia bila kujaza fomu. Ambaye wazazi wote wawili walizaliwa nje alipewa miaka 2 akajiandikishe. Wahindi wa mijini walizisikia habari hizo, wenye mawakili wakawauliza mawakili wao, wengine wakajiandikisha, wengine wakasita na pasipoti zao za Uingereza, na kusita huko kukaja kuwagharimu. Mkata miwa wa Kwale na mvuvi wa Shimoni walisikia nini? Nani aliwapelekea fomu? Uhuru wao waliusherehekea kwa ngoma, wakalala, wakaamka Desemba 1965 dirisha limefungwa nao hawajui kwamba lilikuwapo.

Tabia ya kumuuliza mtu kabila lake kwanza, kabla ya kumuuliza anaishi wapi na anafanya nini, haikuanzia kwetu. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kazi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu aliandikwa, akachukuliwa alama za vidole, akapewa kipande akitie ndani ya kikasha cha bati na kukining’iniza shingoni. Ndani yake mlikuwa na jina, kabila, na habari za waajiri wake. Kila kabila lilikuwa na eneo lake na chifu wake, na ukikutwa nje bila idhini ya mwajiri umepatikana. Machi 1922 watu walipokusanyika Nairobi kumdai mwanaharakati Harry Thuku atoke kizuizini, kipande kilikuwa mojawapo ya manung’uniko yao. Walijibiwa kwa risasi.

Kikasha cha bati kimekwenda. Fungua lakini Sheria ya Usajili wa Watu, kifungu cha 5, palipoorodheshwa mambo ya kuandikwa juu ya kila mtu. Jina lipo, jinsia ipo, tarehe ya kuzaliwa ipo, na katikati yao limekaa kabila, au asili kwa asiyekuwa na kabila. Kwenye kadi yenyewe halichapwi. Kilichochapwa kwa miaka mingi ni wilaya, tarafa, kata na kata ndogo, na Mkenya yeyote mwenye akili timamu atakusomea kabila lako humo kwa sekunde mbili.

Lipo jingine la kadi hizi ambalo watu hawalitaji. Wanawake hawakuandikishwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo kijana alipoambiwa, “Lete kitambulisho cha bibi yako mzaa mama,” na bibi huyo alifariki mwaka 1970, aliagizwa karatasi ambayo serikali yenyewe haikuwahi kuitoa.

Naye aliambiwa hivyo wapi? Kwenye msasa. Wewe wa Murang’a au wa Kakamega pengine hulijui jambo hilo, kwani kwako kitambulisho ni kwenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, ukarudi nyumbani kusubiri. Kwa Msomali wa Garissa, kwa Mnubi wa Kibra, kwa Mwarabu na Mswahili wa mitaa mingi ya Pwani, palikuwa na kikao cha ziada. Meza imewekwa chini ya mwembe au ndani ya darasa siku ya Jumamosi. Nyuma ya meza wameketi wazee, afisa wa usajili, mtu wa utawala, na mara nyingi mmoja asiyejitambulisha ambaye kila mtu anajua ametoka usalama. Kijana anaitwa, anasimama na bahasha yake.

“Mwanangu, ukoo wenu ni upi?”

Anautaja.

“Babu yako mzaa baba alizikwa wapi?”

“Kwa kweli, mzee, sijui. Baba alifariki nikiwa mdogo.”

“Basi nenda kamlete anayejua.”

Hapo siku imekwisha. Kikao kijacho hakijulikani lini, labda baada ya miezi. Kijana wa miaka 18 aliyepata nafasi chuoni anaikosa, kwa sababu fomu za mkopo wa elimu zinataka nambari ya kitambulisho. Kosa lake ni kutojua kaburi. Nami nakuuliza wewe unayenisikiliza sasa hivi, hebu taja kaburi la babu wa babu yako. Umeona?

Wanubi wamelijua jambo hili kwa vizazi. Babu zao waliletwa kutoka Sudan na jeshi la Mwingereza, wakapigana vita vyake, wakapewa makazi Kibra, ardhi ya zaidi ya ekari 4,000 wakati ule. Mji ukawazunguka, ardhi ikamegwa, na hati waliyokuja kupewa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi, kwa kuwaacha wazaliwe na kukua bila uhakika wa nchi yao. Watoto hao babu zao walivaa sare kabla Kenya haijaitwa Kenya.

Kaskazini mambo yalikuwa mazito kuliko foleni. Kule uraia ulianza na vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga, mara tu baada ya uhuru. Februari 1984 ikaja Wagalla, karibu na Wajir, ambako jeshi liliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege, na wengi hawakurudi nyumbani. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wa asili ya Kisomali wachunguzwe upya, na waliopita wakapewa kadi ya ziada. Yaani una kitambulisho, na bado unahitaji karatasi nyingine ya kuthibitisha kwamba kitambulisho ni halali kuwa chako. Mwalimu, mfanyabiashara, mbunge, hakuna aliyesazwa.

Na ukidhani kompyuta ingekuja kutuokoa, sikiliza haya. Wakati wa ukame, familia za Kikenya za Garissa na jirani zake zilikwenda kambi za Dadaab kujiandikisha kama wakimbizi, kwa sababu kambini kulikuwa na mgao wa chakula, na kijijini hakukuwa na kitu. Mama mwenye njaa ataandika jina popote palipo na unga. Alama za vidole za watoto wake zikaingia katika mitambo. Miaka ikapita, mtoto akafika umri wa kitambulisho, akaweka kidole kwenye mashine, na mashine ikajibu: huyu ni mkimbizi. Maelfu wamenaswa hivyo. Babu anajulikana, kaburi linajulikana, chifu anamjua tangu anatambaa, lakini mashine imekataa na karani anaiamini mashine.

Ndiyo maana serikali ilipozindua Huduma Namba mwaka 2019, Wanubi walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Wengine wetu tuliona wanazuia maendeleo. Wao walijua kwamba nambari moja ya kila kitu ni habari njema kwa aliye tayari ndani. Aliye nje anazidi kufungiwa, kwani karatasi zinazodaiwa ni zile zile. Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu mpango uendelee kwa masharti, na ikakataza kukusanya chembe za urithi za DNA. Baadaye mpango wenyewe ukafa, ikaja Maisha Namba.

Wanaotetea msasa wana hoja, na si haki kuipuuza. Nchi iliyopoteza watu 67 katika shambulio la kigaidi la Westgate mwaka 2013, na watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, wengi wao wanafunzi, ina sababu ya kuuliza nani anaingia. Lakini mmoja wa walioshambulia Garissa alikuwa Mkenya, msomi wa sheria wa chuo kikuu chetu, mtoto wa chifu. Msasa upi ungemkamata huyo? Maswali yote angeyajibu, na baba yake angekuwa upande wa pili wa meza. Na mwenye fedha hasimami foleni ya msasa kabisa, hilo sihitaji kukuhadithia. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa kaskazini kwamba msasa umekwisha kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Papo hapo mjadala ukalipuka, na ulichukua sura gani? Watu walianza kuhesabu kura za 2027. Haki ya raia ikasomwa kama idadi ya wapiga kura wa upande fulani. Hata waliofurahi, wengi wao walifurahi kwa hesabu hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye nambari 44, Wakenya wenye asili ya Bara Hindi. Makhan Singh alisimama katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mwaka 1950, akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati ambapo viongozi wengi walikuwa bado wanaomba viti zaidi katika baraza la mkoloni. Alikamatwa, akazuiliwa kwa miaka 11. Pio Gama Pinto, Mgoa wa Nairobi, naye alifungiwa wakati wa Hali ya Hatari, akatoka, akawa mbunge wa Kenya huru, akauawa kwa risasi Februari 1965 nje ya nyumba yake akiwa na binti yake garini. Jamii ya watu hao ikasubiri mpaka 2017 ndipo ikaambiwa kwamba sasa ni sehemu ya Kenya. Wapo walioshangilia, nami siwalaumu, maana mtu aliyeitwa mgeni miaka yote hushika lolote analopewa. Mimi niliona haya kwa niaba ya aliyekuwa anatoa.

Labda utaniambia: wewe unayadharau makabila. La, hasha. Mimi mwenyewe nina kwetu, nina lugha yangu ya nyumbani, na nikifa nitarudishwa huko nipende nisipende. Na kuhesabu makabila kuna faida yake. Baada ya ghasia za uchaguzi zilizotupata 2007 na 2008, watu zaidi ya 1,100 wakauawa na zaidi ya laki 6 wakahama makwao, sheria ilitungwa kwamba ofisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Huwezi kuitekeleza bila kujua nani ni nani. Waogiek wa msitu wa Mau waliishinda serikali katika Mahakama ya Afrika mwaka 2017 kwa sababu waliweza kusimama na kusema sisi ni watu hawa, na msitu huu ni wetu. Jamii ndogo isiyo na jina inamezwa.

Lakini kulinda jamii ni kazi moja, na kuamua nani ni raia ni kazi nyingine. Tumezichanganya, na mchanganyiko huo una matokeo ya ajabu. Angalia Washona. Walikuja kutoka Zimbabwe ya leo mapema miaka ya 1960 kuhubiri dini, wakakaa Kiambu wakifuma vikapu na kutengeneza fanicha. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba Washona 1,670 watasajiliwa kuwa raia, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Walisajiliwa kwa sheria ile ya 2011, mtu mmoja mmoja, bila Gazeti Rasmi kuwafanya kabila jipya. Kumbe inawezekana! Cha kushangaza ni kwamba mara walipopata vyeti, swali lililoulizwa na watu wengi lilikuwa: basi hawa ni kabila la ngapi?

Wimbo wetu wa taifa ulitengenezwa mwaka 1963 kutokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa mto Tana, na aliyetoa sauti yake ni Mzee Meza Moroa Galana. Katika kamati ya watu watano walioupanga alikuwamo Graham Hyslop, Mwingereza, na George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda. Wenzao walikuwa Peter Kibukosya, Washington Omondi na Thomas Kalume. Ukiiweka kamati ile mbele ya meza ya msasa, wawili katika watano wanarudishwa nyumbani wakalete babu.

Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na wimbo huo waliuimba mbele ya bunduki. Bendera ziliuzwa zikaisha. Walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Makumi kati yao waliuawa. Wazee wenzangu waliguna kwamba hayo ya kutokuwa na kabila ni maneno ya mitandaoni, uchaguzi ukifika watarudi mazizini. Labda. Ninalojua ni kwamba kijana aliyetoka barabarani siku ile na jicho linalowasha kwa gesi, akipoteza kitambulisho chake kesho, atakwenda kujaza fomu, na fomu itamuuliza kabila. Yeye anaweza kuwa ameshaamua. Karani anasubiri jibu.

Mbona wapo waliojaribu kujibu vingine? Katika sensa ya 2009 watu zaidi ya laki 6 waliulizwa kabila wakasema: Mkenya. Basi, hawakuongeza neno. Wahesabuji walifanyaje? Waliwapa mstari wao katika jedwali la makabila, wakapangwa humo pamoja na Wakamba, Wakikuyu na Wakisii, kana kwamba ni ukoo fulani ulioshuka kutoka mlima fulani.

Mimi ombi langu kwa Bunge ni dogo. Neno moja, “kabila”, liondolewe katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Usajili wa Watu. Anayetaka kuhesabu makabila kwa ajili ya ajira za haki akahesabu kwenye sensa na kwenye ofisi za ajira, kwa hiari ya mwenye kabila lake. Mezani kwa chifu kijana aulizwe anayotaka Katiba: je, mama yako ni raia, au baba yako ni raia? Mmoja akiwa ndiye, mpige picha, chukua alama za vidole, mwite anayefuata. Ni kazi ya alasiri moja bungeni. Waheshimiwa wamewahi kupitisha mambo mazito kuliko hayo kabla ya chai ya saa kumi, hasa yakiwa yanahusu marupurupu yao.